Siku moja CTC: kinga ilipoamka

Saa 1:30 asubuhi. Mbeya kuna baridi, watu kwenye mabenchi wamejifunika vitenge na makoti. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya, na leo ni zamu yangu CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Mwelimishaji rika hajamaliza somo, baba mmoja ananyosha mkono: kuna unga unauzwa stendi, wa kuongeza kinga. Auchanganye na ARV?

Swali hili haliishi. Namwambia aniletee kwanza hilo kopo nilione, na kwamba kidonge chake cha usiku kinazuia virusi visizaliane, kinga inajijenga yenyewe. Ananitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake. Huo unga unaniudhi kwa sababu unawaaminisha watu kwamba kinga ni kama maji kwenye ndoo, kadiri inavyojaa ndivyo bora. Laiti ingekuwa hivyo, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Saa 2:45. Anaingia kijana wa bodaboda, kakunja uso. "Dokta, hizi dawa zenu zinaniua. Nilikuja hapa natembea vizuri."

Alianza ARV wiki tatu zilizopita akiwa na CD4, zile chembe nyeupe zinazoongoza kinga, 38 tu. Mtu mwenye kinga timamu kwa kawaida huwa na zaidi ya 500. Wakati ule alikuwa amekonda tu. Eksirei ya kifua ilikuwa safi, makohozi hayakuonyesha kitu. Leo ana homa kali na mitoki miwili shingoni, mmoja umeshalainika kwa usaha.

Hapa ndipo ule unga wa stendi unaposhindwa kujieleza. Sehemu kubwa ya yale mashimo ya TB tunayoyaona kwenye eksirei hailetwi na bakteria peke yake. Ni chembe zetu nyeupe zinazochimba pafu zikipigana naye. Asiye na CD4 za kutosha hana jeshi la kupigana, kwa hiyo picha yake inaweza kuwa safi kabisa huku bakteria wamejaa mwilini. ARV zikishaanza kazi, virusi vinashuka ndani ya wiki chache, CD4 zinaanza kurudi, zinamkuta adui kila kona. Hapo ndipo homa inawaka na mitoki inavimba. Kitaalamu tunaiita IRIS, na wanaoanza dawa na CD4 chini ya 100 ndio hasa walio hatarini, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo.

"Mdogo wangu," namwambia, "ugonjwa ulikuwemo siku ile ile uliyokuja. Mwili wako ulikuwa hauuoni. Sasa umeuona."

"Kwa hiyo niache dawa?"

"Ukiacha, virusi vinarudi na TB inabaki."

Kama mitoki ingekuwa inambana koo ningefikiria prednisolone, dawa ya kushusha kinga, itulize huo uvimbe. Lakini sithubutu hata kuiwaza kabla ya kumfunulisha kinywa, kumkagua kaakaa, miguu na nyayo, nikitafuta madoa ya zambarau ya sarkoma ya Kaposi. Hiyo ni saratani inayoletwa na kirusi cha herpes namba 8. Wapo wengi wenye kinga nzuri wanaoishi nacho bila kujua, lakini kinga ikianguka kinajitokeza, na prednisolone inaweza kuikuza saratani hiyo kwa kasi ya kutisha. Hana doa lolote, na anapumua vizuri. Navuta usaha kwa sindano, unapelekwa maabara kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB.

Saa 4:30. Mzee mlinzi, mkanda wa jeshi ubavuni. Kipimo chake cha VVU ni hasi, ana miaka 71 tu. Tetekuwanga aliyougua utotoni haukuondoka, ulijificha kwenye mishipa ya fahamu ukisubiri kinga izeeke. Acyclovir, dawa ya maumivu, na kumhakikishia kwamba jirani hahusiki.

Saa 5. Chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi ni milki ya muuguzi, mimi huitwa akiwa na shaka. Anapaka siki, anasubiri dakika moja, anatafuta weupe. Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wanawake wengi hukipata na kinga yao hukiondoa ndani ya mwaka au miwili. Mwenye VVU hukaa nacho muda mrefu zaidi, ndiyo maana hatari yake ya saratani hiyo ni kama mara 6. Leo dada mmoja ana doa dogo, linachomwa kwa joto hapo hapo. Akiwa anavaa viatu anauliza kuhusu binti yake wa miaka 11. Achanjwe, dozi moja tu, kinga yake imjue adui kabla hawajakutana.

Saa 7. Wali maharage. Mwanafunzi wa mazoezi amesoma kuhusu dawa za saratani zinazolegeza breki za kinga, zile zilizowapa James Allison na Tasuku Honjo Nobel ya mwaka 2018. Anataka kujua kwa nini hatuna. Bei, namjibu. Kisha namwambia asome pia madhara yake: kinga isiyo na breki huweza kushambulia utumbo, tezi ya shingo, mapafu, viungo. Watu wanapona saratani wakabaki na magoti yaliyovimba.

Saa 8 mchana. Mama wa baridi yabisi, ambaye viungo vya vidole vyake, mikono yote miwili, vimevimba na kukakamaa kila asubuhi. Yeye hana VVU wala TB. Kinga yake imeamua kwamba viungo vyake ndiyo adui.

Uso umemviringika. Duka la dawa limekuwa likimuuzia prednisolone bila cheti, kwa miezi.

"Mama, kuna kingine unachotumia?"

Anatoa mkobani kopo. Unga ule ule wa stendi. Asubuhi anameza dawa ya kushusha kinga, jioni anakunywa uji wa kuipandisha.

Siwezi kumwachisha prednisolone ghafla, maana mwili wake umeshasahau kutengeneza homoni yake. Naandika ratiba ya kupunguza kidogo kidogo, naagiza apimwe sukari na TB, maana prednisolone ya muda mrefu hufungulia mlango TB iliyolala, na namwandikia rufaa akaanzishiwe methotrexate, dawa ya baridi yabisi. Kopo nalo, namwomba alipumzishe.

Saa 10. Rejesta, na rejesta nyingine. Maabara wanapiga simu: TB ipo kwenye usaha, haina usugu kwa rifampicin, dawa kuu ya TB. Nampigia kijana, aje kesho aanze dawa, na nduguze anaolala nao waje wapimwe.

"Na ile ya usiku?"

"Saa tatu kama kawaida. Ila ukishaanza za TB, utaongeza kidonge kimoja cha dolutegravir, ARV iliyomo kwenye kile cha usiku, saa tatu asubuhi, maana rifampicin inaimaliza haraka mwilini."

"Na mkojo ukiwa mwekundu?"

Kumbe ameshaulizia kijiweni. Namwambia ni rangi ya dawa tu, asihangaike nayo.