Siku Hizi Hulii

Alhamisi usiku namenya ndizi, mume wangu Fundi kaegemea mlango wa jiko. Akasema, "Siku hizi hulii."

"Kwani ulitaka nilie?"

"Hapana bwana. Nasema tu." Akatoka kwenda kufunga geti.

Nasema tu! Jumamosi tumehamia Buswelu, Jumatatu bosi mpya karipoti na nusu ya ofisi imepanguliwa, mimi bado nimesimama jikoni na kisu mkononi. Alisema kwa kufurahi? Au kuna mtu amemkosa, yule niliyekuwa?

Mnajua tulikokutana. Kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kimepinduka mita chache tu kutoka gati la Bwisya, siku ya gulio, watu zaidi ya 200 wamekwenda. Dada alikuwa anarudi kutoka Bugolora. Marehemu mkewe Fundi pia. Tulipita kwenye majeneza tukitazama nyuso, na yule mwanamume nisiyemjua akanishika mkono kabla hajaniuliza jina. Baada ya hapo alinipigia kila tarehe 20. Wengine hutongozana kwa chipsi mayai. Sisi tulikuwa tunalia kwenye simu mpaka salio linakata. Kucheka tumejifunza ukubwani, na mpaka leo mbele yake nacheka kama mgeni.

Shangazi alisema siku ya posa, wala hakunong'ona: "Mwanangu, huyo mmekutana matangani. Na matanga huanuliwa." Nilimnunia miezi miwili. Sasa nahesabu: hivi tumeshaanua, au bado?

Leo asubuhi paka wa jirani kabeba dagaa wangu, Fundi akamkimbiza na kandambili moja, akateleza, akaketi kwenye karai la nguo nilizoloweka. Akabaki humo. Akaniomba nimpe sabuni ya kuogea, maadam ameshafika. Nilicheka hadi nikashika ukuta, jirani akapiga hodi kuuliza kuna nini.

Nilipokuwa naanika zile nguo ndipo nikakumbuka kuwa leo ni tarehe 21. Jana imepita. Hakupiga simu kutoka kazini, nami sikuingoja. Nikabaki na shati lake mkononi, linachuruzika maji miguuni kwangu. Dada, utanisamehe. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na njaa.

Usiku huu sijamuuliza kitu. Amelala, anakoroma. Mita ya nyumba hii imebaki na uniti nne, na tokeni niliyonunua imekataa mara tatu. Samaki wote wako kwenye friji.