Jumamosi Niliyokwenda Stesheni ya Alnwick

Nilipokuwa nikisoma Newcastle, Jumamosi moja ya majira ya baridi nilipanda treni ya kwenda kaskazini, nikashuka Alnmouth, kisha nikasubiri basi la kunifikisha Alnwick, mji ulio kilomita tano hivi kutoka hapo. Kilomita hizo zilikuwa na reli yake tangu 1850, nami nilikwenda kwa sababu hiyo. Nimelelewa katika nyumba za reli Tabora, baba yangu akiwa fundi wa injini, na siwezi kuipita stesheni iliyofungwa bila kutaka kujua ilikufaje.

Jengo lililopo lilifunguliwa 1887, kazi ya William Bell, msanifu wa kampuni ya reli ya North Eastern, na ni kubwa kuliko mahitaji ya mji mdogo kama ule. Lakini Alnwick ndipo ilipo ngome ya Duke wa Northumberland, na wageni wake, wakiwemo wa ukoo wa kifalme, hawakuweza kushukia kibandani. Tangu 1991 humo mna duka la vitabu vilivyokwishasomwa: treni ndogo ya kuchezea huzunguka juu ya rafu, na makaa huwaka mekoni. Wageni wengi walikuwa wamejazana mbele ya bango la serikali la 1939, lililowataka Waingereza watulie na kuendelea na kazi zao, ambalo wenye duka walilikuta mwaka 2000 ndani ya sanduku la vitabu vya mnadani.

Mimi nilikaa na mzee mmoja mwenyeji aliyeniona nikitazama paa badala ya vitabu. Alinieleza kwa utaratibu, bila haraka, kwamba injini za mvuke ziliendelea kuvuta mabehewa hapo hadi 1966, zikafuatiwa na treni za dizeli, kisha Januari 1968 abiria wakakatiwa huduma, na mizigo nayo ikakoma mwaka huohuo. Aliona ni heri duka kuliko kubomoa. Nilimjibu kwa heshima kwamba jengo limeokolewa kweli, na nalishukuru duka kwa hilo, ila stesheni ni njia inayoifikia, na njia hiyo haikuokolewa. Hakunipinga. Alinieleza kuwa barabara kuu ya A1, ilipojengwa kupita kando ya mji, ilikata tuta la reli, kwa hiyo watu wanaojitolea kuirudisha njia ile wamelazimika kujenga stesheni yao mpya pembeni, Lionheart, kwani treni haiwezi tena kulifikia jengo la Bell.

Nilitembea hadi huko alasiri ileile. Wanaume wachache wenye mvi walikuwa wakipanga mataruma kwenye baridi kali, na mmoja wao, nilipomwambia kazi ya baba yangu, alinipa glavu nikasaidia kubeba.