Kwa nini nahodha aiache meli nzima? Mjomba wangu wa Mikindani kanipa jibu

Wiki mbili sasa kichwani kwangu kuna meli moja tu, Mary Celeste. Wengi mmeshaisikia mahali, ile meli iliyokutwa baharini inatembea yenyewe haina mtu. Nilianza kuisoma usiku umeme umekatika hapa Mtwara, nikasoma mpaka simu ikazima, asubuhi nikachaji nikaendelea.

Mambo yenyewe yako hivi. Tarehe 7 Novemba 1872 meli ya matanga ya milingoti miwili inaondoka New York kwenda Genoa, Italia, imebeba mapipa 1,701 ya spiriti, ile ya viwandani siyo ya kunywa. Nahodha ni Benjamin Briggs, miaka 37, yuko na mkewe Sarah na binti yao Sophia wa miaka miwili, mtoto mkubwa Arthur wa miaka 7 kabaki kwa bibi yake sababu ya shule. Mabaharia saba. Jumla watu kumi. Tarehe 4 Desemba meli nyingine inayoitwa Dei Gratia inaiona kati ya visiwa vya Azores na Ureno, inakwenda ovyo ovyo, matanga mengine yamechanika, wanaita hakuna anayejibu, wanapanda, hamna mtu. Chakula cha miezi sita kipo, mzigo upo, mpaka kinanda cha Sarah kipo. Visivyokuwepo ni mashua ndogo na vyombo vya nahodha vya kupimia njia. Maandishi ya mwisho ya safari ni ya asubuhi ya tarehe 25 Novemba, wakiwa jirani na kisiwa cha Santa Maria, na meli ikaja kukutwa karibu maili 400 mbele ya hapo.

Kwa hiyo waliondoka wenyewe, na waliondoka kwa haraka. Hapo ndipo ninapoanzia mimi, na niseme kabisa inaniuma nikiona watu bado wanasambaza kwamba chai ilikutwa mezani ya moto. Haikuwepo. Oliver Deveau, yule aliyepanda kuikagua, alieleza mwenyewe mahakamani kwamba mezani hapakuwa na chakula. Hawa walikuwa watu wa kweli, mmoja anatambaa juzi tu anajifunza kukimbia, tusiwageuze hadithi ya kutishia watoto.

Maharamia nawaweka pembeni, haramia gani anaacha mzigo wote na mali za watu. Wengine wanasema mauaji. Meli ilipofikishwa Gibraltar, mwanasheria mkuu wa pale, Frederick Solly-Flood, alishikilia kwamba kuna damu imemwagika, akaonyesha upanga wenye madoa, ukapimwa, haikuwa damu. Lakini wale wa Dei Gratia waliondoka na sifa mbaya, na zawadi ya kuiokoa meli wakapewa kama sehemu ya tano tu ya thamani yake na mzigo, na mimi naona walionewa.

Halafu kuna ya spiriti, na hii sisi watu wa Mtwara tunaoishi na gesi ya Mnazi Bay hatuwezi kuidharau. Mapipa 9 yalikutwa matupu yalipofika Genoa. Spiriti ikivuja ndani ya ngama, yaani tumbo la chini la meli, ikiwa imefungwa mvuke unajaa, ukipata cheche unalipuka. Mwaka 2006 mwanakemia wa London anaitwa Andrea Sella alitengeneza mfano wa ile ngama akaweka gesi ya butane na maboksi ya karatasi badala ya mapipa, akaiwasha, moto mkubwa ukatoka na karatasi hazikuungua hata moja! Kwa hiyo mlipuko ungeweza kutokea usiache alama. Mtu aliyeona moto kama ule chini ya miguu yake angekimbia. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba jibu ndiyo hilo.

Jumamosi nikaenda Mikindani kwa mjomba. Nimemkuta pwani anakalafati dau lake, yaani anaziba nafasi za mbao maji yasiingie, pamba na nyundo mkononi, nikakaa pembeni nikamsimulia yote tangu mwanzo. Hakuniuliza habari za majini wala maharamia. Kaniuliza, "Maji ya ngama yalikuwa kiasi gani?"

Futi tatu na nusu. Akasema kwa chombo kikubwa vile si ya kuzamisha, yanatisha tu. Nikamwambia pampu moja ilikutwa imefunguliwa na fimbo ya kupimia maji iko juu ya deki, na kabla ya safari ile meli ilibeba makaa ya mawe na ikafanyiwa matengenezo, kwa hiyo vumbi lingeweza kuziba pampu. Akaacha kugonga. "Hapo sasa mpwa wangu. Pampu haivuti na huwezi kujua kuna maji kiasi gani. Ukipima unaona mengi, ukipima tena humwamini aliyepima." Nikaongeza kwamba mtafiti mmoja, Anne MacGregor, alifuata hesabu za ile safari akaona saa ya Briggs ya kupimia njia haikuwa sawa, alikuwa kama maili 120 nyuma ya pale alipodhani, yaani nchi kavu aliitegemea siku tatu kabla hajaiona. Mjomba akatikisa kichwa tu.

Swali lake la pili, "Na henza?"

Henza ndiyo ile kamba ya kutwekea tanga, na kweli kamba ya tanga kubwa ilikutwa imekatika. Mjomba anasema waliingia kwenye mashua ndogo wakaifunga nyuma ya meli kwa kamba ndefu, wasubiri waone itazama au haizami, ikitulia warudi. Matanga yakabaki juu. Upepo ukazidi, meli ikavuta, kamba ikakatika, na meli yenye tanga huifikii kwa kasia. Hebu fikiria kukaa kwenye mashua watu kumi unaiangalia meli yako nzima inaondoka.

Maana ilikuwa nzima. Deveau na wenzake wawili tu waliifua maji wakaipeleka mpaka Gibraltar, tarehe 13 Desemba ikafika. Na mwaka 1955 ikatokea tena kule Pasifiki, Joyita ilitoka Apia mwezi wa kumi na watu 25 kwenda Tokelau, ikakutwa mwezi uliofuata imejaa maji, imelala upande, inaelea, bila mtu hata mmoja. Bomba la kupoozea injini lilikuwa limeoza likaingiza maji. Ile isingezama hata ungetaka, ndani ilikuwa imejazwa koki, ile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa. Watu hawakuonekana tena.

Mjomba naye yalishamkuta wakati wa kusi, dau limeingiza maji usiku, vijana wawili wanataka kuruka na madumu, akawazuia kwa nguvu wakafua maji kwa ndoo mpaka kunakucha. Kwa hiyo nilitegemea atamlaumu Briggs. Nikamuuliza, huyu ni mtu wa bahari, mlevi siyo, ukoo wake wa manahodha, imekuwaje aache chombo kinachoelea?

Akaniuliza mtoto alikuwa na umri gani vile.

Miaka miwili.

Akakaa kimya muda akiikunja ile pamba. "Angekuwa na mabaharia tupu angefua maji. Kisiwa umesema kiko jirani, na mbele mpaka Ureno hakuna kingine. Mtoto yupo chini, harufu ya spiriti inatoka, pampu imekufa. Angemteremsha huyo mtoto kwanza. Hata mimi ningemteremsha."

Kisha akaomba nimshikie nyundo, achovye pamba nyingine.