Udongo uliomkataa Dober

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi kule Urambo. Kabla hajabeba udongo wowote kutoka bondeni, alikuwa anauonja. Anaweka kidogo ulimini, anausaga kwa meno ya mbele, na ukiwa na mchanga mwingi anautema na kuhamia shimo jingine. Ukimpendeza, anaviringisha kipande mpaka kiwe chembamba kama mkia wa panya, halafu anakizungusha kwenye kidole cha shahada. Kikipasuka, basi. "Huu haushikani, mjukuu wangu," ananiambia. "Ukiufinyanga leo, kesho unakulilia motoni."

Nimemkumbuka sana wiki hii kwa sababu ya kijana mmoja Mjerumani, naye mfinyanzi, aliyefika kisiwa cha mbali akakuta udongo wake haushikani.

Sisi Wamoravian wa Tabora tumekua tukilisikia jina la Leonard Dober kila ifikapo tarehe 21 Agosti. Siku hiyo, mwaka 1732, yeye na David Nitschmann, seremala, waliondoka Herrnhut, kijiji kidogo cha Ujerumani, wakashika njia ya Copenhagen, sehemu kubwa kwa miguu. Kutoka huko walipanda meli kwenda St. Thomas, kisiwa cha Karibi kilichokuwa mali ya Denmark, chenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa. Dober alikuwa na miaka 26. Hao ndio wamisionari wa kwanza wa kanisa letu, miaka zaidi ya 150 kabla kanisa hilo halijafika Rungwe mwaka 1891 na Urambo mwaka 1898.

Nafundisha shule ya Jumapili kwa mwaka wa tisa sasa. Miaka minane nimewasimulia watoto kwamba vijana wale wawili walijiuza wenyewe kuwa watumwa ili wawafikie watumwa. Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa mdogo, na aliyenifundisha alikuwa analia akisimulia. Mwaka huu nilipokuwa naandaa somo niliazimwa kitabu kinene cha historia ya kanisa, nikakisoma usiku mpaka mafuta ya taa yakaisha. Hawakujiuza. Dober aliandika kwamba yuko tayari kuwa mtumwa ikibidi, na alimaanisha. Lakini huko Copenhagen mkuu mmoja wa ikulu aliwaambia jambo hilo halitaruhusiwa kwa Mzungu. Nitschmann akajibu kwamba basi atafanya useremala. Wakaenda wakiwa watu huru, kula yao ikitegemea mikono yao.

Nilikosa raha siku mbili nzima. Nilijiona nimewadanganya watoto wa watu. Siku ya tatu nikakisoma tena, polepole, na safari hii nikamwona mtu ambaye miaka yote nilimpita kama mlango: Anton.

Anton alikuwa mtumwa kutoka St. Thomas, aliyepelekwa Copenhagen kumtumikia bwana mmoja wa Kidenmark. Mwaka 1731 Zinzendorf, mwenye ardhi ile ya Herrnhut na kiongozi wa Wamoravian, alikwenda huko kwenye sherehe za kumtawaza mfalme Christian wa 6, na Anton akapata nafasi ya kuzungumza naye. Alimwambia ana ndugu zake kisiwani, dada yake Anna na Abraham, na kwamba Anna anatamani sana kulisikia Neno la Mungu ila hakuna wa kumweleza. Baadaye Anton mwenyewe alifika Herrnhut akasimama mbele ya watu akayasema hayo. Ni yeye aliyesema kwamba watumwa wanashinda mashambani mchana kutwa, hivyo anayetaka kuwafundisha huenda akalazimika kuwa mtumwa pamoja nao. Dober alikuwa tayari ameshakosa usingizi tangu Zinzendorf aliposimulia mara ya kwanza. Akangoja karibu mwaka mzima wazee wakisitasita, mpaka ikapigwa kura ya kuokota karatasi bila kuziona, na aliyoichukua ikasomeka: mwache kijana aende, Bwana yu pamoja naye.

Kwa hiyo yote ilianza na mtu anayemwaza dada yake.

Nilipolisimulia hivi darasani, binti mmoja wa miaka minane, asiyesema sana, aliinua mkono. "Mwalimu, sasa Anton mwenyewe kwa nini hakwenda kumwona dada yake?"

Nilishindwa kumjibu mara moja. Watoto wa Tabora hawahitaji kuelezwa sana utumwa ni nini. Tumeshawapeleka Kwihara, wameliona tembe alilokaa Livingstone, wameambiwa njia ile ya misafara ilitoka Ujiji ikapita hapa kwetu mpaka Bagamoyo, watu wakiwa wamefungwa pamoja. Nikamwambia, "Alikuwa na mwenyewe. Mtu mwenye mwenyewe haendi anakotaka." Darasa likanyamaza. Yule binti akauliza tena, "Sasa alifanyaje?" Nikasema, aliandika barua.

Na barua ilifika, Mungu ni mwema. Tarehe 13 Desemba 1732 Dober na Nitschmann walishuka kisiwani, na hazikupita siku nyingi wakawa wamewapata Anna na Abraham wakawasomea maneno ya ndugu yao. Nimejaribu kuiona saa ile. Wageni wawili weupe, wenye sura kama za watu wanaowamiliki, wanasimama mlangoni na kutaja jina la kaka yako ambaye hujui kama yu hai.

Baada ya hapo ndipo penye udongo. Dober alitegemea kwamba ufinyanzi utamlisha. Ni kazi aliyoijua tangu nyumbani kwao. Akachimba, akajaribu, udongo wa kisiwa haukufaa. Mtu ambaye hajaishi na mfinyanzi anaweza kuipita sentensi hiyo haraka. Mimi nilifunga kitabu. Nilimwona bibi akirudi kutoka bondeni na kikapu kitupu, siku ambayo alishaahidi watu mitungi ya harusi, haongei na mtu, amekaa kwenye kigoda anatazama mikono yake. Mwaka ambao mvua ilizidi na shimo lake likajaa maji, alikaa hivyo karibu mwezi. Alikuwa anasema mikono inamuwasha.

Ikawa seremala ndiye anayemlisha mfinyanzi. Dober alijaribu na uvuvi, nao haukumtoa. Mwezi Aprili 1733 Nitschmann akarudi Ulaya kama walivyopatana, Dober akabaki peke yake na homa zake. Gavana akamchukua kuwa msimamizi wa nyumba yake: chakula kizuri, mahali pazuri pa kulala. Hakuweza kukaa, kwa sababu hakuja kisiwani kukaa kwa gavana. Akaacha, akachukua kazi ya ulinzi wa usiku ili apate mkate, na jioni watumwa walipotoka mashambani akakaa nao akazungumza. Naamini kabisa kwamba akiwa maskini asiye na ufundi wa kujivunia, aliongea nao vizuri kuliko ambavyo angeongea akiwa na karakana na wateja.

Mwaka 1734 aliitwa arudi nyumbani kuchukua uzee wa kanisa. Hakuacha hata mtu mmoja aliyebatizwa. Aliondoka na mtoto yatima, Carmel Oly, aliyenunuliwa kutoka utumwani. Watatu wa kwanza walibatizwa kisiwani Septemba 1736, yeye akiwa hayupo.

Kuna jambo jingine, na hili nimewaambia vijana wa kipaimara, wale wadogo bado. Kabla miaka ya 1730 haijaisha, misheni yenyewe ilikuwa imenunua shamba St. Thomas, na shamba hilo lilikuja na watumwa wake. Waliokwenda wakiwa tayari kuwa watumwa, wenzao wakawa na watumwa. Uhuru katika visiwa vile ulikuja mwaka 1848. Kijana mmoja aliniuliza kama ni lazima tuyaseme haya kanisani. Nilimjibu ndiyo. Waliobebwa walikuwa ndugu zetu, na mimi siwezi kuimba "Mwanakondoo ameshinda, tumfuate" huku nimeukunja ukurasa huo ili wasiuone.

Bibi alibatizwa Urambo, katika kanisa lililotokana na safari ile. Hakuwahi kujua kwamba mmisionari wa kwanza alikuwa mfinyanzi kama yeye. Ningetamani nimwambie. Najua angeuliza kwanza, "Aliuonja?"

Jumapili iliyopita nilikwenda na ndoo ya udongo, mjomba alinichimbia kwenye shimo lile lile la bibi. Nikawagawia watoto kila mmoja tonge lake, nikawafundisha kuviringisha na kuzungusha kidoleni. Ulishikana vizuri. Wengi walifinyanga ng'ombe, kuna aliyefinyanga bodaboda yenye magurudumu matatu kwa sababu ya mawili ilikuwa inaanguka. Yule binti alikaa pembeni. Aliupigapiga udongo wake mpaka ukawa bapa, mwembamba, akachukua njiti ya kiberiti akaanza kuuchora mistari, mmoja chini ya mwingine, mpaka ukajaa.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Barua ya Anton."

Tuliziweka kazi zote dirishani zikauke. Jumatano nilipokwenda kufagia, ng'ombe wawili walikuwa wamevunjika miguu. Barua ilikuwa nzima, imekauka, pembe zake zimejikunja kidogo kwa juu, kama karatasi iliyokaa mfukoni siku nyingi.