Nilivyozoea kuishi mlimani Taita

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa na kukulia Majengo. Mume wangu ni Mtaita wa Wundanyi, na kazi yake ya bandarini ilipokwisha tulihamia kwao, kwenye shamba alilorithi. Ndugu zangu hadi leo wananiuliza nimewezaje kukaa huko juu. Naandika haya kwa yeyote anayefikiria kuhama namna hiyo, kwa sababu mambo yaliyonisaidia sikuyaona yameandikwa popote.

Wengi wanaijua Kaunti ya Taita Taveta kwa kuipitia tu. Basi la Nairobi likifika Voi unaona udongo mwekundu, vichaka na pengine ndovu, maana sehemu kubwa ya kaunti ni mbuga ya Tsavo. Lakini ukienda hadi Mwatate kisha ukaanza kupanda, baada ya kona chache masikio yanaziba na migomba inaanza kuonekana. Kilele kirefu kuliko vyote ni Vuria, mita 2,208. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa pale kwenye minara ya mawasiliano, unaiona Kilimanjaro.

Baridi haikunisumbua kama nilivyotishwa. Kati ya Juni na Agosti ukungu unashuka, nguo hazikauki, na sweta unalalia. Mtu anazoea. Kazi kubwa ilikuwa shamba.

Shamba lenyewe si mahali pamoja. Kipande kimoja kiko mgongoni mwa kilima, kingine bondeni kando ya kijito, na kingine chini kabisa kwenye joto, kwa ajili ya mahindi na mbaazi. Mwanzoni nilimwambia mume wangu tuuze viwili tununue kimoja kikubwa. Mama mkwe akasikia. "Mwanangu," akaniambia, "mvua ikikataa chini, huku juu tutapata. Huku kukioza, chini kutakauka vizuri. Ukiuza utakula nini mwaka wa njaa?" Nikasema, "Sawa, mama, nimeelewa." Hatukuuza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kulima kwa kukatiza mteremko. Unachimba, udongo unaurusha upande wa juu, na kwenye ukingo unapanda majani ya ng'ombe ili mizizi ishike. Matuta yetu mengine yalitengenezwa na watu waliokufa kabla mume wangu hajazaliwa, na bado yanashika. Ukiacha moja libomoke, mvua ya Novemba inabomoa na la jirani aliye chini yako, kwa hiyo hilo si jambo lako peke yako.

Maji nayo ni hivyohivyo. Kuna mfereji unaotoka kwenye kijito na kupita mashamba kadhaa, na kila nyumba ina zamu. Zamu yetu ikiangukia alfajiri, nashuka na tochi na jembe. Naondoa jiwe na magome ya mgomba yaliyoziba mlango wa mfereji, na maji yanaanza kuingia polepole katikati ya sukuma wiki, huku nikiyaongoza kwa ncha ya jembe, miguu imekufa ganzi. Tuta likishiba naziba, nafungua la pili. Siku ya kusafisha mfereji kila nyumba hutoa mtu. Mimi sikukosa hata nilipokuwa na mtoto mgongoni, na naamini hapo ndipo majirani walipoacha kuniita mgeni.

Maji hayo yanategemea msitu, na msitu umebaki vipande: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo. Milima hii ndiyo mwisho wa kaskazini wa ile safu ya Tao la Mashariki inayoanzia Tanzania, na kuna ndege wa Taita wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kwa hiyo nikiona mtu anapanda mikaratusi, miti inayofyonza maji mengi, karibu na chemchemi roho inaniuma, na huwa namwambia.

Historia ya hapa watoto wangu waliijua mapema kuliko mimi. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta, na kilima cha Salaita kilipiganiwa Februari 1916. Maktau na Taveta kuna makaburi ya vita hivyo, tumeyatembelea. Lililonigusa zaidi ni la Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamishia Malindi, na wengi wao wakafa huko kwa malaria. Mimi nimekulia pwani na sikuwahi kufundishwa jambo hilo. Kuna pia mapango yenye mafuvu ya wazee wa zamani. Hapo huendi bila mwenyeji, wala hugusi kitu.

Mboga tunauza Mombasa. Dalali akija shambani kwako peke yako anakupangia bei, hasa wakati wa mvua ambapo kila mtu amevuna. Sasa tunajikusanya majirani, tunakodi pikapu moja hadi soko la Kongowea, na mmoja wetu anaenda na mzigo. Ukitaka kuhamia huku, njoo kwanza Julai ukae wiki mbili, na kabla ya kununua kipande chochote uliza kinapata maji ya mfereji upi, na zamu yake ni ya nani.