Kete yenye pete

Juzi, maji ya bamvua yalipokupwa, niliandamana na shangazi yangu mpaka kwenye mwamba wa Jambiani, yeye akichokoa chaza na mimi nikifunua mawe bila kazi maalumu. Chini ya jiwe moja nilikuta kitu cha kijivu chenye vinyweleo, kidogo kama ncha ya kidole gumba, nikadhani ni konokono asiye na gamba. Nilipomgusa, ile nyama ikajikunja kutoka pande zote mbili za mgongo, taratibu, kama kanga inayoteleza begani, na katikati ikachomoza kete niijuayo tangu utotoni: nyeupe, inayong'aa, yenye duara la rangi ya machungwa mgongoni.

Nimekaa miaka mingi na chupa ya kete kabatini bila kumwona konokono mwenyewe akiwa hai. Nilikuwa nikiamini kwamba zinang'arishwa na mawimbi, kumbe mawimbi na jua ndiyo huzichakaza; mng'ao huo ni kazi ya utando ule wa nyama, unaolifunika gamba na kulipaka tabaka jipya kwa nje. Akiwa mchanga, gamba lake ni jembamba na mdomo wake uko wazi kama wa konokono wengine, lakini akikomaa ukingo hujikunja kwa ndani hadi ubaki ufa mwembamba wenye meno, na tangu hapo gamba haliongezeki urefu, huongezeka unene tu.

Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimpa jina la annulus mwaka 1758, neno la Kilatini lenye maana ya pete. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizisomba kete hizi kutoka Zanzibar kwa shehena za meli, wakazipeleka Afrika Magharibi, ambako kete za Maldivi, ndugu zake wa karibu, zilikuwa zimetumika kama fedha kwa karne nyingi. Hizi zetu zilipatikana kwa bei nafuu, nazo zilimiminwa kwa wingi mno hata thamani ya kete ikaporomoka. Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi, ilhali simbi zetu sisi, yaani kete hizi, hazinunui hata andazi.

Utotoni tulizifukia hai mchangani nyuma ya jiko, tukasubiri nyama ioze na sisimizi wamalize kazi, na harufu yake naikumbuka vizuri kuliko ningependa.

“Lirudishe jiwe, mwanangu, jua litamuua,” shangazi aliniambia bila kuinua kichwa.

Nililirudisha. Usiku niliimwaga chupa mezani na kuzihesabu zile ambazo pete yake bado inaonekana: kumi na moja. Nyingine zote zimefifia, na mbili zimetobolewa mgongoni kwa ajili ya uzi ambao sikumbuki ni nani aliyeukata.