Hodi ya Tatu

Jana jioni mwanangu aliniita kutoka jikoni. "Baba" aliianza kwa sauti ninayoijua, akaimalizia kwa sauti ya mtu mwingine. Mama yake akacheka, dada yake akacheka zaidi. Akaja mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi, akauliza bila utani wowote: "Baba, hii itarudi? Au ndiyo imekwenda?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Swali hilo nilishawahi kuulizwa, Moshi, mwaka ule niliposhikwa na wazimu wa opera, yale maigizo yanayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Wale wa ukumbi wa usharika mnaukumbuka. Vijana walikuwa kumi na mmoja, wasichana sita na wavulana watano, na mimi nilikuwa na daftari nimechora mistari: sauti ya kwanza wangapi, ya pili wangapi, nani anafika juu, nani anajidai tu. Nilichagua opera kama mzazi anavyonunua viatu vya shule, kwa kupima na rula.

Nilianza na Mozart, ile ndogo ya Bastien na Bastienne aliyoitunga 1768 akiwa na miaka 12. Inataka waimbaji watatu. Na wale wanane wakae wapi? Nikaiacha. Kisha Britten na gharika ya Nuhu, ya mwaka 1958. Ni nzuri mno, hata vikombe vinatundikwa kwenye kamba na kupigwa kuwa matone ya mvua, lakini wanyama wake wanaingia safinani wawili wawili na wote ni watoto. Ningehitaji shule ya Jumapili ya jimbo zima, na wapiga tarumbeta juu yake.

Moyo wangu ulitua kwa Purcell. Dido na Aeneas ni ya saa moja tu, sauti nyingi ni za kike, na kufikia mwaka 1689 ilikuwa imeshaimbwa kwenye shule ya wasichana huko Chelsea, London. Mtunzi amefariki zaidi ya miaka 300, kwa hiyo hakuna anayedai malipo. Nikaipeleka kwa wazee wa kanisa. Walinisikiliza vizuri mpaka nilipofika sehemu ya pili.

"Wachawi wangapi, Mwalimu?"

Nikasema kuna mkuu wao, kuna wawili wanaoimba peke yao, na wengine ni kwaya.

"Kwaya nzima ya wachawi," alisema yule mzee, taratibu, akafunga Biblia yake. Kikao kikaisha hapo.

Ikabaki Amahl, ya Menotti, ile iliyorushwa kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya NBC Marekani mkesha wa Krismasi 1951. Mama mjane, mtoto anayetembea kwa gongo, wafalme watatu wanaofuata nyota wanaomba pa kulala. Dakika hamsini hivi, na mchawi hayumo. Ruhusa yake inalipiwa kwa dola. Mhazini alilipa huku akiguna. Vijana wangu walisoma solfa tu, zile do, re, mi, basi nikakaa miezi mitatu nikihamisha nota kwa mkono usiku. Menotti ni mtu wa kuhamahama, do yake hailali nyumba moja siku mbili.

Lilikuwapo sharti moja. Mtunzi ameandika mwanzoni mwa kitabu kwamba Amahl aimbwe na mvulana, si mwanamke aliyevalishwa kama mtoto. Nililipenda sharti hilo kwa sababu mvulana nilikuwa naye. Miaka 13, sauti imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Fundi seremala akamchongea gongo. Tangu hapo hata mama yake alimwita Amahli.

Kuna mahali watu wanabisha hodi usiku. Mama anamtuma mtoto akaangalie. Anarudi: kuna mfalme mlangoni. Mama hasadiki, anamrudisha. Wafalme wawili. Mama anakasirika. Mara ya tatu anarudi kusema ni watatu, na mmoja wao ni mweusi. Vijana wangu walikuwa hawapiti hapo bila kuvunjika mbavu. "Mmoja tu?" kijana wa besi, sauti ya chini, alikuwa anauliza kila mara, na ukumbi mzima unaanguka. Nilikuwa nimeshazoea, nilihesabu kicheko kama sehemu ya muziki, nikawapa mapigo manne ya kupumua.

Mwezi wa kumi, Jumamosi, saa kumi jioni. Joto la kusubiri vuli, madirisha wazi, mtu anakaanga samaki ng'ambo ya ukuta. Hodi ya kwanza, safi. Ya pili, safi, labda na mchanga kidogo ambao nilijiambia ni kiu. Ya tatu akaegemea gongo, akavuta pumzi, akafika kwenye "mweusi", na sauti ikapasuka vipande viwili. Kimoja kikabaki juu, kingine kikaanguka chini kwa akina besi.

Wakacheka. Walicheka kama siku zote, mahali pale pale, mapigo yale yale manne. Besi akasema "Mmoja tu?" Nusu yao, nina hakika, hawakusikia chochote. Yeye alikuwa amesimama na lile gongo akiwatazama mmoja mmoja, akijaribu kujua wanacheka nini. Kisha akanitazama mimi. Mimi nilijua.

Baada ya mazoezi alinifuata kwenye kinanda. "Mwalimu, itarudi?"

"Ni mafua," nikasema. "Kunywa tangawizi."

Akanywa wiki mbili. Mama yake akatafuta asali mpaka mlimani. Wiki mbili nzima nilimwacha anywe, kwa sababu nilikuwa na miezi mitatu ya solfa kabatini. Binamu yake, msichana wa miaka 17, alikuja akaniambia, "Mwalimu, mimi naijua yote." Nikamfungulia ukurasa wa sharti, nikamwonyesha kwa kidole. Hakubisha. Alisoma, akarudisha kitabu.

Desemba, Wachaga wamejaa mjini kutoka kila pembe, Amahl tukaiacha, tukaimba mwisho tu wa Purcell: yule binamu akiwa malkia Dido anayeaga, na kwaya ya kufungia. Wachawi nimewakata wote, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Chini ya wimbo ule besi inateremka nusu hatua nusu hatua, la, se, so, fe, fa, mi, inajikusanya, inarudi mwanzo, tena na tena. Amahli nilimpanga huko, avume bila maneno. Kwenye mazoezi siku nyingine ilitoka, siku nyingine haikutoka. Siku yenyewe alisimama karibu na nguzo, nyuma ya mtu mrefu. Watu walimshangilia binamu mpaka nikasahau kusikiliza. Mpaka leo sijui kama aliimba.

Gongo lilibaki ukumbini. Mara ya mwisho nilipopita lilikuwa linashikilia dirisha.

Redio ilipofika taarifa ya habari, mwanangu alikuwa bado yupo mlangoni na kisu chake. Nyuma yake nilimsikia mama yake akitwanga tangawizi.